Rangi ya bampa la plastiki: kopo la kununua, na lile lililonilia hela

Bampa la Probox yangu lilikuwa limepauka mpaka rangi ya jivu. Wenye Probox mnanielewa: nyingi zilitoka Japani na bampa jeusi tupu, plastiki yenyewe bila rangi, wakati ndugu yake Succeed kwa kawaida anavaa bampa la rangi ya bodi. Jua la Dar likishaila hiyo plastiki, hata uoshe gari namna gani linaonekana umeosha nusu.

Nikaenda Gerezani, nikaomba rangi ya bampa, nikapewa kopo lenye picha ya bampa. Jumamosi nikapuliza. Jioni lilikuwa jeusi tii, jirani akasifia. Kesho yake asubuhi, jua lilipolimulika kwa ubavu, nikaona balaa. Vile vipele vidogo vya plastiki, ile ngozi yake, vimefukiwa. Kona ya kushoto laini kama sufuria, katikati vipele nusunusu, kulia vipo vyote kwa sababu huko kopo lilikuwa linaishia.

Watu huniuliza rangi itadumu muda gani. Mimi nauliza itaacha ngozi? Rangi ikibanduka utaikwangua na kuanza upya. Vipele vikishafukiwa, msasa utakaotoa rangi utatoa na vipele vyenyewe, na hapo umeharibu plastiki, siyo rangi tena. Kwa hiyo kopo lolote, hata mimi nikilisifia, lijaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana. Mimi nilitumia upande wa ndani wa madigadi. Acha ikauke, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, siyo usoni. Ukiona vivuli vya vipele, endelea.

Namba moja ni SEM Trim Black, na sifichi kwamba nina upendeleo. Ni ya Marekani, nyepesi, inalala juu ya vipele bila kuvizamisha, na weusi wake haumeti kama kiatu wala haujafa kama mkaa. Ubaya wake ni kuipata. Binamu yangu alinitilia makopo mawili kwenye begi, yakatolewa uwanjani, maana kopo la rangi lenye gesi inayoshika moto haliruhusiwi kwenye mzigo wa abiria wa ndege. Mengine yakaja kwa meli, nikasubiri mpaka nikasahau.

Ukinunua rangi hiyo, nunua na praima ya kushikisha plastiki. Chungulia nyuma ya bampa utafute maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe. Ukikuta >PP< au >PP+EPDM-T20<, hiyo ni polipropilini, na rangi haiipendi kabisa. Bila praima utaikuta inatoka kama ganda la yai. ABS, plastiki ya aina nyingine, ni mpole zaidi. Lakini angalia sana: unataka praima nyepesi, isiyo na rangi. Ile ya kijivu ya kujazia mikwaruzo ina kazi moja tu, kujaza mashimo, na vipele vyako kwake ni mashimo.

Namba mbili siyo rangi hata kidogo: vitambaa vya Cerakote vya kupaka kwenye plastiki. Unasafisha, unafuta, basi. Ngozi inabaki yote. Kwa plastiki iliyopauka tu, ambayo haijawahi kupakwa rangi, ningeanza hapa. Kama fundi ameshapuliza kitu juu yake, havitakusaidia.

Namba tatu ni Rust-Oleum Trim & Bumper. Weusi wake ni mati kabisa, haung'ai, na ukibonyeza kwa pupa unafukia ngozi. Mkono mwepesi unahitajika.

Kopo la bei rahisi jeusi la kawaida? Kwa geti, sawa.

Usafi nausema haraka kwa sababu kila mtu anausema: sabuni, brashi ya nguo, kisha spiriti. Tina usiisogeze, hasa kwenye ABS. Adui mkubwa ni yale mafuta ya kung'arisha plastiki wanayokupaka kwenye kuosha magari bila kuuliza. Yana silikoni, na silikoni ikibaki ndani ya vipele rangi inajikunja na kuacha vitundu vya duara. Mwambie kijana mapema, "Mdogo wangu, bampa usinipake kitu." Atapaka. Simama hapo hapo.

Tikisa kopo dakika mbili nzima, shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, piga koti jembamba ambalo bado unaona kijivu kupitia. Ngoja dakika kumi, rudia. Usipulize jua la saa saba. Rangi inakauka hewani na kutua kama vumbi.

Nilirudi dukani na picha kwenye simu. Nilitaka tu kujua kwa nini hakuniambia kwamba kopo lile ni la bampa laini lisilo na vipele, maana kwa nyuma limeandikwa hivyo, kwa herufi za kutafutia miwani. Akaitazama picha, akaikuza, akanirudishia simu. "Dada, si limependeza? Hiyo ndiyo ya kisasa." Nikageuka kutoka, nikaliona kopo lile lile kwenye rafu. Limepanda elfu tatu.