Turbo ya Defender 300Tdi inavuja oili, nikanunua nyingine nayo ikavuja: uzoefu wangu hapa Mwanza

Wakuu habari, hii itakua ndefu kidogo ila mwenye Landa (Land Rover) ya Tdi, yani dizeli yenye turbo, ukanda huu wa ziwa aisome mpaka mwisho kabla hajatoa hela yake. Gari yangu ni Defender 110 ya 1996, injini 300Tdi lita 2.5, ni gari ya kazi, napeleka nyavu na spea za injini za boti kwa wavuvi upande wa Sengerema, ukiacha lami tu ni vumbi mwanzo mwisho.

Ilianza taratibu, asubuhi nikiwasha moshi wa bluu unatoka afu unapotea, nikawa naupuuza. Sasa siku moja natoka Sengerema, nimeshavuka daraja la Kigongo Busisi nakanyaga mafuta kuelekea Usagara, naangalia kioo cha pembeni gari za nyuma sizioni, moshi mtupu. Nikapaki, nikachomoa kijiti cha oili, iko chini ya alama ya mwisho na nilijaza juzi yake tu. Mpira unaotoka turbo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) kwenda intakula (rejeta ya kupoza hiyo hewa) unachuruzika kwenye klipu. Kwa hesabu yangu ilikua inakula kama lita 1 kila nikienda Geita na kurudi.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Fundi aliingiza kidole kwenye mpira kikatoka na oili, akasema sili za turbo zimekufa, tafuta turbo nyingine. Hakupima kitu. Nikanunua ya mtumba 850,000, kufunga 60,000, nikaondoka na furaha. Siku ya tisa moshi uleule. Nikarudi, naambiwa basi hiyo nayo mbovu nilete nyingine, yani hela ya ada ya watoto inageuka moshi mbele ya macho yangu na hakuna anayenieleza kwanini. Hilo liliniuma sana.

Jamaa mmoja dereva akanielekeza kwa mzee mmoja fundi kule Nyakato, amezeekea kwenye Land Rover. Huyu ndio nimekuja kumsifia. Nilipomaliza kumsimulia akaniuliza, "We ng'wanawane (mwanangu), ulishaona turbo mbili zinakufa ugonjwa mmoja ndani ya wiki mbili?" Nikakosa jibu.

Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia gereji yoyote. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea kwenye utando wa oili, na zile tunazoita sili sio mipira kama ya krenki, ni viringi vya chuma vyembamba kama ringi za pistoni. Havina uwezo wa kuzuia oili iliyojaa. Oili inaingia juu kwa kusukumwa na pampu lakini kutoka inatoka kwa kuteremka yenyewe tu kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwahiyo njia ya kuteremka ikibanwa, au presha ikijaa ndani ya injini ikawa inaisukuma irudi juu, oili lazima itafute pa kutokea na itapita kwenye hizo ringi hata kama turbo umeitoa kwenye boksi leo. Eya klina ikiziba pia ni hivohivo, turbo inavuta hewa haipati, inaanza kunyonya oili.

Basi akawasha gari akafungua mfuniko wa kujazia oili, ukawa unafuka na kupuliza kwa nguvu, yani presha imejaa ndani. Akazima, akafungua bomba la chini la kurudisha oili. Wakuu, pale bomba linapofungwa na turbo hakukua na gasketi, kulikua na silikoni, ya kijivu, imebanwa ikaingia ndani, ananing'iniza kipande kwa kucha kirefu kama mnyoo, na tundu limebaki la kupitisha penseli. Na nakumbuka kabisa nani alifungua hilo bomba miezi minne nyuma, ni gereji ileile. Kile kipande ninacho mpaka leo kwenye boksi la kiberiti.

Afu akachomoa briza, ile inayokaa juu kwenye kava ya valvu. Kwenye 300Tdi kazi yake ni kutenganisha oili na hewa chafu ya injini, na hiyo hewa inarudi kwenye mpira wa kuingilia turbo, kwahiyo ikiziba inatapika oili moja kwa moja kwenye turbo na wewe unalaumu turbo. Yangu ilikua imejaa tope jeusi zito. Akailoweka kwenye dumu la mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi akaitikisa ikatoka kama grisi iliyooza.

Turbo zote mbili akazipima kwa vidole mbele yangu. Shafti kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kuingia na kutoka haitakiwi kabisa kusikika. Ile yangu ya zamani ilikua nzima kuliko ya mtumba. Iliniuma ila ndio ukweli, akairudisha ileile.

Kabla ya kuwasha akamimina oili kwenye tundu la juu la turbo, akazuia dizeli, akapiga stata mpaka oili ikaanza kurudi chini. Intakula ikafunguliwa ikamwagwa, ilitoka karibu nusu lita. Hii msiichukulie poa, injini ya dizeli ikianza kunyonya oili iliyolala mle inapanda resi yenyewe na ukizima swichi haizimiki, mpaka uizibe hewa au uweke gia kubwa, ukanyage breki uachie klachi. Ukiiosha kwa petroli hakikisha imekauka kabisa.

Gharama yote: ufundi 120,000, gasketi, washa za shaba mpya na eya klina 75,000, oili na filta pembeni. Malalamiko yangu ni mda tu, mzee anafanya gari moja moja na gasketi ilisubiriwa siku 4 kutoka Dar kwa basi, ukiwa na haraka utateseka. Ila silikoni hataki hata kuiona.

Sasa hivi nimeshatembea kilomita 2,300, oili kwenye kijiti imeshuka kidogo sana na moshi hakuna. Nikitoka safari naiacha kwenye sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) dakika 2 ndio nazima. Kimebaki kile kimpira cha kwenda intakula, kimelainika kwa kuloa oili miezi yote ile, klipu inakaza lakini kinateleza, nimeshaagiza kingine, kikifika nampelekea mzee.