Mafunzo ya wanafunzi kupinga sigara: nyota nne kutoka kwangu

Kiukweli hii huduma ya kufundisha wanafunzi wachache ili wao wawashawishi wenzao wasivute sigara nimeipenda, maana shuleni tumezoea mgeni anakuja anahubiri saa nzima, anaonyesha picha za mapafu meusi, watoto wanapiga makofi halafu basi imeisha. Hapa darasa lenyewe ndo linataja ni nani wanamsikiliza, sio mwalimu achague wale wapole wa mbele, kwahiyo hata mtukutu mwenye marafiki kibao anaingia kwenye mafunzo, na huyo ndo anatakiwa hasa! Mtindo wa hivi ulipimwa England na Wales kwenye shule 59, mradi unaitwa ASSIST, matokeo yalitoka 2008 na shule zilizopata mafunzo zilikuwa na wavutaji wachache.

Mazoezi yao ni mazuri mno. Wanakaa wawili wawili, mmoja anashika kalamu kama sigara anabembeleza "vuta moja tu bana", binti mmoja akamjibu "kukaa na wewe nakaa, ila hiyo hapana", bila kejeli wala mahubiri.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya vipeperushi, vimejaa saratani za uzeeni, sasa mtoto wa miaka 13 uzee anauona wapi? Wangemwambia nikotini inavyomnasa mtu mapema, pumzi inavyokata uwanjani, na sigara za kielektroniki wameziweka mstari mmoja tu wakati ndo zinawavutia watoto siku hizi. Pia wakishafundisha wasipotee, warudi wawaulize watoto wamekwama wapi.