Alianza kwa kuonja maji: uzoefu wangu wa kutengenezewa bustani Kigamboni

Siku ya kwanza mbunifu wa bustani alipofika kwangu alisalimia, "Shikamoo mama," kisha akaomba maji. Nikamletea ya kunywa. Akasema anaomba ya kisima, yale yale ninayomwagilia. Akaonja kidogo, akatema, akachomoa kipimo chenye umbo la kalamu na kukitumbukiza kwenye glasi. "Mama, haya yana chumvi. Miche tutaiongelea baadaye, kwanza tuongee maji."

Kwa miaka miwili nilikuwa nanunua miche kando ya barabara ya Bagamoyo na kuivusha kwa kivuko, nikijipa moyo kila safari. Mingi ilikufa. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Kwetu mvua hainyimi, udongo ni mweusi wa volkano, unachomeka kijiti kinachipua. Nyuma ya jiko la mama kulikuwa na migomba na mparachichi mkubwa, na nilitaka pembe moja ya kiwanja changu ifanane na pale. Nilipanda mparachichi mara tatu. Kila mara majani yaliungua kuanzia nchani kama yaliyopitiwa na moto, na mimi nikazidi kumwaga maji nikidhani ni kiu.

Kumbe ndivyo nilivyokuwa nauua. Mparachichi ni katika miti isiyostahimili chumvi hata kidogo. Na ule mtindo wangu wa kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ulikuwa unaacha chumvi juu juu, jua linakausha maji, chumvi inabaki kwenye mizizi. Kijana alinifundisha kumwagilia kwa nafasi lakini kwa wingi, maji yashuke chini na chumvi yake, na nisirushie majani. Kwa kweli, hata angeishia hapo ningeona pesa yangu imefanya kazi.

Nilimlipa shilingi 450,000 kwa ramani na ziara tatu. Mafundi, miche, samadi, mipira ya matone na tangi vililipwa mbali, na jumla yote ilifika milioni 4 na kidogo. Najua kuna watakaosema mtunza bustani wa mtaani angefanya kwa robo ya hiyo. Nilishawatumia wawili, watu wa bidii, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za maji.

Kiwanja chetu ni meta 20 kwa 30, mchanga mtupu, na chini yake tulikuta vifusi vya ujenzi ambavyo fundi wa nyumba alivifukia tu. Kuvitoa kulichukua siku mbili na gharama yake haikuwemo kwenye makadirio. Hapo sikufurahi. Mtu anayekuja na sururu yake kupima udongo angetakiwa kuchimba mashimo zaidi ya mawili kabla ya kunipa bei.

Mimi nilikuwa nimeshaagiza lori la udongo mwekundu. Akaniomba nilisitishe. Udongo wa lori, alisema, mara nyingi huja na ndago, na ndago ikishaingia kwenye mchanga unaing'oa mpaka uchoke, maana vile vidonge vyake vinabaki chini na kuchipua upya. Badala yake tulichanganya samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikapoteza harufu, na majani makavu tukayatandaza juu ya mashina.

Lililonigusa zaidi ni hesabu ya mvua. Bati la nyumba yetu linafunika meta za mraba 140. Mvua ya milimita 30 ikinyesha, hapo panashuka lita 4,200, na miaka yote hiyo nilikuwa naziacha zikimbilie barabarani! Tukafunga gata na tangi la lita 5,000. Likijaa mwisho wa masika, nikitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, linanifikisha mwisho wa Septemba. Akaniambia nichague mimea inayotosha ndoo mbili. Nikachagua asumini, mdimu, tuta la mchicha na mgomba mmoja. Mmoja tu, nyuma ya jiko. Mparachichi alinikatalia moja kwa moja, na leo namshukuru.

Sehemu nyingine zote zinakunywa maji ya kisima: nyasi za paspalamu, mabogenvilia ukutani, minazi miwili mifupi, mkomamanga. Mfikusi niliotaka upande wa chemba za choo aliukataa kwa sababu ya mizizi. Asumini aliiweka pembe ya kusini-mashariki ya baraza, ili upepo wa kusi uisukumie harufu yake kwetu. Sikuwahi kufikiri kwamba upepo nao unaingia kwenye ramani. Mwezi wa sita maua yanapofunguka jioni, mume wangu anahamishia kiti chake pale bila kuambiwa.

Makosa hayakukosekana. Kazi iliyotakiwa kuisha kwa wiki tatu ilichukua saba, na kuna wiki nzima simu yake iliita bila kupokelewa wakati miche imekaa kwenye viroba juani. Kubwa zaidi ni la mdimu. Mafundi waliunganisha mpira wake kwenye bomba la kisima badala ya bomba la tangi, na yeye hakukagua. Mwezi wa pili nikaanza kuona tena zile ncha za kahawia ninazozifahamu. Nilimpigia kwa hasira. Alikuja kesho yake asubuhi, akafuata mpira kwa mkono mpaka kwenye kiungio, akasema, "Mama, kosa ni langu." Alibadilisha bomba na kuleta mdimu mpya kwa gharama zake. Tangu hapo nimemwelekeza kwa majirani wawili, na wote nimewaambia wasimamie wenyewe siku ya kuunganisha mabomba, na tarehe ya kumaliza iandikwe kwenye mkataba.

Sasa hivi mgomba umetoa mkungu wake wa kwanza. Ni mdogo kuliko wa kwetu, tena sana. Nimeupiga picha nikamtumia mama, akauliza kwa nini nimepanda mmoja peke yake, nikamweleza habari za ndoo mbili. Akasema nitafute tangi la pili. Nimeshaongea na kijana, atakuja kupima nafasi kabla ya vuli.