Chumba cha Ramani Chini ya London: Tathmini ya Makumbusho ya Churchill War Rooms

Mwaka jana nilimsindikiza baba yangu mdogo kwenda London kumtembelea binti yake anayesoma huko. Kabla hatujaondoka Dar es Salaam, mzee aliomba jambo moja tu, nalo ni kupaona mahali ambapo vita ya Hitler ilikuwa ikiendeshwa. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo), akarudi na nishani moja na maneno machache sana. Tathmini hii ninawaandikia wenzangu wenye safari ya London ambao katika ukoo wao yumo mzee wa namna hiyo.

Makumbusho ya Churchill War Rooms, yaani vyumba ambamo Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, na wasaidizi wake waliendeshea Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yako chini ya jengo la Hazina, katika mtaa wa King Charles, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Westminster na jirani kabisa na bustani ya St James's Park. Msomaji asitegemee pango lililochimbwa ndani ya mlima. Hii ni orofa ya chini ya jengo la ofisi za serikali, ambayo iliimarishwa kwa mihimili ya mbao na baadaye ikaezekwa tabaka la zege lenye unene unaofikia mita 1.5 katika baadhi ya sehemu. Kazi ilianza humo tarehe 27 Agosti 1939, siku 7 kabla Uingereza haijatangaza vita, na ilimalizika tarehe 16 Agosti 1945, baada ya Japani kusalimu amri. Vyumba muhimu viliachwa karibu kama vilivyokuwa, hadi mwezi Aprili 1984 vilipofunguliwa rasmi kwa umma na Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Hivi sasa vinasimamiwa na Imperial War Museums, taasisi ya makumbusho ya vita ya Uingereza.

Neno hilo la kuachwa kama vilivyokuwa ndilo linaloyapa makumbusho haya thamani yake. Katika chumba cha Baraza la Mawaziri la Vita, ambamo vikao 115 vilifanyika, meza zimepangwa kama zilivyokuwa muda mfupi kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe 15 Oktoba 1940, usiku mmoja tu baada ya bomu kuharibu jiko la makazi ya Waziri Mkuu. Kiti cha Churchill ni cha mbao na hakina fahari yoyote. Inama kidogo utazame ncha za mikono ya kiti hicho, utaona jinsi mbao ilivyokwaruzwa kwa kucha upande mmoja na kwa pete upande wa pili. Hotuba zake za vita tumezisikia tangu shuleni, zote zikiwa za mtu asiyetetereka, lakini mikwaruzo ile inaonyesha mtu aliyekuwa akikaa vikao virefu huku mikono ikihangaika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Hata hivyo, kwa mtu wa kwetu, kiini cha safari nzima ni Chumba cha Ramani. Humo maofisa wa jeshi la majini, la nchi kavu na la anga walipokezana zamu usiku na mchana kwa muda wa miaka sita, wakipokea habari kwa simu za rangi mbalimbali zilizopangwa mstari katikati ya meza, na kila siku wakiandaa muhtasari wa hali ya vita kwa ajili ya Mfalme, Waziri Mkuu na wakuu wa majeshi. Vita ilipokwisha walizima taa wakaondoka. Katika mtoto wa meza wa ofisa mmoja ilikuja kuonekana bahasha yenye vipande vitatu vya sukari, mgawo wake aliokuwa ameuficha wenzake wasiuone, na mpaka leo vimewekwa waziwazi vitazamwe. Baba mdogo, ambaye miaka ya themanini alipanga foleni ya sukari kwenye duka la kaya akiwa na kitabu cha mgawo mkononi, alivitazama vile vipande kwa heshima kubwa, wala hakuhitaji nimweleze lolote.

Ukutani ipo ramani ya misafara ya meli katika Bahari ya Atlantiki. Kila msafara ulikuwa na pini yake, na pini ilisogezwa kadiri habari zilivyoingia, hata njia zilizopitwa sana zikatobolewa matundu mengi yaliyosongamana kiasi kwamba karatasi imechakaa kama kitambaa kilichoshonwa na kufumuliwa mara nyingi. Ukiwa mbali unadhani ni vumbi au madoa ya unyevu, na ni pale unaposogea ndipo unapong'amua kwamba ni matundu.

Baba mdogo alivaa miwani, akaitazama ramani ile pasipo kusema neno kwa dakika kadhaa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, baba alikuwa akisema kwamba ndani ya meli hawakuambiwa wanakwenda wapi. Walijua wametoka Mombasa, basi. Kumbe huku alikuwepo mtu aliyekuwa akijua."

Tangu hapo niliiona ziara yote kwa jicho lingine. Mwezi Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa katika msafara, imepakia wanajeshi wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na abiria wengine. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga, ikazama katika muda wa dakika chache, na watu takriban 1,300 wakafa. Waliosalimika katika misafara mingine wakaendelea hadi Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka ule ule wa 1944, katika mvua za masika ya kule na matope yaliyozamisha magari, ikafika mto Chindwin na kuuvuka mwezi Desemba. Katika chumba kama kile, safari yote hiyo ni pini inayosogea kwa upana wa ukucha. Sisemi haya kwa kuwalaumu maofisa wale, kwani kazi yao isingefanyika kwa namna nyingine. Ninasema kwa sababu mgeni kutoka pwani yetu anaweza kupita mbele ya ramani ile akidhani kwamba ni habari ya Wazungu peke yao, ilhali hata bahari hii ya Mombasa na Dar es Salaam ilikuwa na misafara yake.

Vyumba vingine nitavipitia kwa haraka. Kuna kijumba cha simu ambacho Churchill alikitumia kuzungumza na Rais wa Marekani, chenye kitasa cha mlango wa choo, na wafanyakazi wengi waliamini kweli kwamba ni choo chake binafsi. Mtambo wa kuficha mazungumzo hayo, uliofungwa mwaka 1943, ulikuwa mkubwa mno, hivyo ukawekwa chini ya duka la Selfridges. Kuna ubao wa kuwajulisha waliokuwa chini hali ya hewa ya nje, na palipoandikwa kwamba kuna upepo, wenyewe walielewa kuwa mabomu yanaanguka. Chumba cha kulala cha Churchill kina kitanda alichokilalia mara tatu tu, na mezani vipo vipaza sauti vya BBC.

Ndani ya makumbusho hayo kuna sehemu nyingine, iliyofunguliwa mwaka 2005, inayoeleza maisha yote ya Churchill. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini ina taa, sauti na vioo vya kugusa kwa wingi, na baada ya ukimya wa Chumba cha Ramani nilijikuta sina tena nafasi ya kuyapokea yote hayo. Isitoshe, kwetu sisi Churchill ni pia mtumishi wa dola iliyotutawala, na mwaka 1907 alifika Afrika Mashariki akiwa naibu waziri wa makoloni. Mwenye muda mfupi na aipunguze sehemu hii, wala asipunguze hata dakika moja ya vyumba vyenyewe.

Kwa upande wa matayarisho, nunueni tikiti mapema kwa mtandao na mchague saa za asubuhi, maana korido ni nyembamba kama zilivyojengwa, na kundi moja likisimama mbele ya kioo walio nyuma hawaoni kitu. Tengeni saa mbili, au tatu mkiwa na mzee, na mpeni nafasi ya kukaa kabla ya kuingia, kwa sababu ndani kuna mwendo mrefu. Hakuna haja ya koti zito, kwani chini kuna joto. Kifaa cha kusikilizia maelezo kinasaidia sana, ingawa baba mdogo alipendelea nimsimulie mwenyewe kwa Kiswahili, na ninaamini tulipata mengi zaidi kwa njia hiyo.

Tuliporudi Dar es Salaam, baba mdogo alikitoa kibweta cha babu. Shangazi alitaka kuing'arisha ile nishani, mzee akamzuia na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na utepe wake uliofifia na kipande cha karatasi ambacho hatukuwahi kukisoma. Safari hii tulikisoma. Kilikuwa na namba ya babu jeshini, na herufi tatu za kikosi chake. Ningekuwa na kikaratasi hicho mfukoni siku ile tulipokuwa mbele ya ramani, ningemuuliza mmoja wa wahudumu wa pale maswali tofauti kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kupanda ndege, mkiwa bado na mzee wa kumuuliza, muulizeni kikosi, mwaka na bandari aliyopandia meli, mkayaandike.