Nyota Nne kwa Fomu, Mbili kwa Kalamu

Watu huandika maoni kuhusu simu, viatu na blenda. Mimi naandika kuhusu fomu, kwa sababu ndicho kitu nilichokishika zaidi mkononi kwa miaka 14: fomu ya kimataifa ya cheti cha sababu za kifo, ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Kazi yangu ni kuweka misimbo. Daktari anaandika kilichomuua mtu, karatasi inafika mezani kwangu, nami nageuza maneno yake kuwa herufi na tarakimu. Misimbo hiyo inajumlishwa na kujumlishwa hadi siku moja mtu yuko kwenye televisheni anatangaza kwamba vifo vya ugonjwa fulani vimepanda nchini. Huyo wa televisheni hana habari kwamba jumla yake ilianzia kwa daktari wa zamu ya usiku, saa kumi alfajiri, anayetaka kumaliza karatasi akalale.

Niseme mapema: kama fomu, sijaona nzuri kuliko hii. Sehemu ya kwanza ina mistari minne, a mpaka d. Mstari wa a unauliza ni hali gani iliyomwondoa mtu moja kwa moja. Wa b unauliza hiyo hali ilitokana na nini. Wa c unauliza tena, na wa d vilevile, kama mtoto mwenye "kwa nini" zisizoisha. Unashuka ngazi mpaka unakanyaga chini, na kile ulichokikanyaga ndicho sababu ya msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mlolongo wote. Hicho ndicho kinachoingia kwenye jedwali la taifa, kimoja tu kwa kila marehemu. Sehemu ya pili ni ya magonjwa mengine yaliyochangia bila kuwa ndani ya mlolongo.

Mantiki hii ni ya tangu 1948, WHO ilipotoa toleo la sita la ainisho la magonjwa, yaani kitabu cha misimbo ninayoitumia, ukoo ule ule ulioanzia kwenye orodha ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Mistari ilikuwa mitatu. Wa nne umekuja na toleo la 10, na namshukuru aliyeupigania, ingawa kwa fomu ninazopokea mimi angeweza kuupumzisha. Mara nyingi unarudi mweupe kama ulivyotoka kiwandani.

Sasa niwaonyeshe fomu moja. Mwanamke, miaka 58. Mstari wa a: "moyo kusimama". Mstari wa b: "kupumua kushindwa". Mistari ya c na d mitupu, sehemu ya pili tupu. Sahihi ndefu, nzuri, yenye mkia.

Moyo kusimama. Nionyesheni marehemu ambaye moyo wake unaendelea kudunda. Msimbo upo, I46.9, na kitabu hakinikatazi kuuandika kama sina kingine. Lakini kanuni zinaniamuru kwanza niziruke hali za namna hii nitafute kitu cha maana chini yake, na hapa nikitafuta napata karatasi nyeupe. Misimbo ya aina hiyo tunaiita takataka, jina lililovumishwa na watafiti Christopher Murray na Alan Lopez walipoanza kuhesabu mzigo wa magonjwa duniani miaka ya 1990. Linasikika la dharau, lakini halimhusu marehemu. Ni la kilichoandikwa juu yake.

Nikapiga simu wodini.

"Daktari, samahani, ni kuhusu yule mama wa juzi. Umeandika moyo ulisimama."

"Ulisimama. Nilikuwepo."

"Sikatai. Ulisimama kwa sababu gani?"

Kimya kidogo. "Sepsisi. Maambukizi yalisambaa mwili mzima."

"Na sepsisi ilianzia wapi?"

"Mguu ulikuwa umeoza. Tulikuwa tunamwandaa kwa kukatwa."

"Na mguu?"

"Sukari, dada yangu. Aina ya pili, miaka 11 sasa. Si ungesema tangu mwanzo kwamba ndicho unachokitaka?"

Nikaitazama fomu. Imeandikwa palepale, chini ya kila mstari, "kutokana na". Nikanyamaza, nikamshukuru, nikaandika E11.5, kisukari cha aina ya pili chenye matatizo ya mzunguko wa damu. Simu ile haikuchukua hata dakika nne. Bila hiyo, mama yule angeingia kwenye takwimu kama mtu aliyekufa kwa kufa, na kisukari nchini kingepungua kwa mmoja bila mtu yeyote kupona. Tena hizi ni zile fomu ninazopata nafasi ya kuzipigia simu. Rundo lililobaki silisemi.

Mnaona naongea kama fundi anayelalamikia nati? Haya, tazameni Japani. Huko madaktari walizoea kuandika "moyo kushindwa" kama neno la kufungia habari, na magonjwa ya moyo yakawa juu kwenye jedwali kuliko yalivyostahili. Mwaka 1995 wakaanza kutumia cheti kipya pamoja na ainisho la toleo la 10, na juu ya cheti pakawekwa agizo: usiandike moyo kushindwa wala kupumua kushindwa kama hali ya mwisho. Vifo vya moyo vikaporomoka kwenye chati, na kiharusi kikayapita magonjwa ya moyo kwa muda. Hakuna dawa mpya iliyoingia sokoni, wala watu hawakuacha sigara kwa usiku mmoja. Ni sentensi moja kwenye karatasi. Tangu nilipoijua habari hiyo, kila nikiona mstari wa grafu ukiruka ghafla huuliza kwanza nani alibadilisha fomu, halafu ndipo niulize kuhusu ugonjwa.

Kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote na hakijazwi na mtu: safu ya kulia, ya muda uliopita tangu hali ianze hadi kifo. Ni nyembamba, imebanwa pembeni, na hilo ni kosa la mbunifu, hapa nakata nusu nyota. Safu hiyo ndiyo polisi wa mlolongo. Mtu akiandika kwamba damu kuvilia kwenye ubongo, saa 3, kulitokana na presha, miaka 12, naamini. Akigeuza, presha ya miaka 12 ikatokana na tukio la saa 3 zilizopita, najua kalamu ilikuwa imesinzia. Bila muda, zote mbili zinaonekana sawa machoni.

Na kwa kuwa nimeitaja presha, hapa lawama si ya daktari. Hata akiandika vizuri kabisa, kanuni zinanitaka kifo hicho nikipeleke kwenye I61, damu kuvilia kwenye ubongo, siyo kwenye I10 ya presha, kwa sababu kiharusi cha namna hiyo kinaeleza zaidi. Nakubali sababu yake. Lakini matokeo ni kwamba presha, ambayo naisoma kwenye fomu za watu kila siku ya Mungu, ukiifungua kwenye jedwali la sababu za msingi unaikuta kama ndugu wa mbali. Nchi zinazohifadhi kila kilichoandikwa, mistari yote na sehemu ya pili, zinaweza kuirudisha mahali pake. Zinazohifadhi msimbo mmoja zinaitupa.

Ukurasa wa chini wa fomu hauna raha kuujadili, nitaupitia haraka. Unauliza kama kifo ni cha ugonjwa, ajali, kushambuliwa au kujiua, au hakijulikani, na kama ni jeraha, lilitokeaje na wapi. Jazeni, tafadhalini. "Fuvu kuvunjika" peke yake haliwezi kuwa sababu ya msingi, maana fuvu halijivunji. Pikipiki? Ngazi? Rungu? Nikikosa jibu napeleka X59, tukio lisilotajwa, na ajali ya barabarani inatoweka kwenye hesabu za barabara. Kujiua nako hukimbilia mara nyingi kwenye kapu la "haikujulikana kama ni makusudi", kwa aibu au kwa huruma. Naielewa huruma hiyo. Takwimu haziielewi.

Kisha kuna kisanduku cha wanawake: alikuwa mjamzito, au alikuwa mjamzito ndani ya siku 42 kabla ya kifo, au kati ya siku 43 na mwaka mmoja? Alama moja tu ya vema. Bila hiyo, mama aliyefariki kwa kupungukiwa damu siku ya 20 baada ya kujifungua ni mgonjwa wa damu tu, na vifo vya uzazi vinashuka kwenye ripoti huku vikibaki palepale wodini. Kwa kisanduku hicho peke yake ningeipa fomu nyota nzima.

Uzee je? Naulizwa sana. Ndiyo, una msimbo, R54, na upo kwenye sura ya dalili na hali zisizofafanuliwa, karibu na takataka zetu. Malkia Elizabeth II alipofariki Septemba 2022 akiwa na miaka 96, cheti chake kilitaja sababu moja: uzee. Wenzangu walitumiana ile nakala kwenye simu siku nzima. Mimi sikucheka sana. Mtu wa miaka 96 anaweza kweli kuzimika kama taa iliyokwisha mafuta. Kinachonikera ni "uzee" wa miaka 67.

Kuhusu kile kinachokwenda sambamba na fomu, yaani ainisho lenyewe: toleo la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi 1 Januari 2022. Lipo mtandaoni bure, lina kisanduku cha kutafutia, unaandika maneno ya daktari nalo linakuletea misimbo inayokaribia. Baada ya miaka ya kubeba vitabu vitatu vizito vya toleo la 10, mgongo wangu unalipa nyota tano bila kujadiliana. Halafu kuna jambo dogo ambalo atalifurahia tu aliyewahi kulikosea: herufi O na I zimeondolewa kwenye misimbo ya toleo la 11, kwa sababu zinafanana na sifuri na moja. Mtu aliyelifikiria hilo amewahi kukaa kwenye kiti kama changu. Ubaya ni kwamba msimbo mmoja sasa unaweza kuungwa na mwingine kwa alama ya mkwaju (/), na mwingine tena, mpaka unakuwa treni. Na nchi inapohama kutoka 10 kwenda 11, mstari wa grafu unakatika hapo katikati. Wenye busara huchukua vyeti vya kipindi kimoja wakaviweka misimbo kwa matoleo yote mawili, wapate kipimo cha kuunganishia. Wasiofanya hivyo watatangaza kupanda na kushuka ambako kumetokea kabatini.

Nikiwa hapohapo kwenye kupanda na kushuka: msitishwe na jumla tupu. Vifo vya saratani vinaweza kuongezeka kila mwaka ilhali hatari ya mtu wa miaka 60 kufa kwa saratani inapungua, kwa sababu tu wenye miaka 60 sasa ni wengi. Kama ripoti haijasawazisha umri, irudishe kwa aliyekuletea. Mimi mwenyewe nilimzuia kaka yangu asitume kwa ukoo mzima ujumbe wa "saratani imeongezeka maradufu". Alituma.

Fomu hii inashindwa kabisa pale ambapo haipo. Wengi wanafia nyumbani, hakuna daktari, hakuna karatasi. Huko huenda mhojaji na dodoso kwa wafiwa: alikohoa? Alivimba miguu? Kwa siku ngapi? Kinachotoka ni makisio, yanafaa kwa kundi kubwa kuliko kwa mtu mmoja. Na kalamu ikizidiwa kabisa, hubaki kuhesabu miili. Ndivyo ilivyokuwa kwa UVIKO-19. Vifo vilivyoripotiwa kwa 2020 na 2021 vilikuwa kama milioni 5.4. WHO ilipolinganisha waliokufa na wale waliotarajiwa kufa kwa kawaida, ikapata ziada ya karibu milioni 14.9. Pengo hilo siwezi kuliweka lote mabegani mwa janga moja, humo wamo waliokosa kitanda kwa sababu nyingine kabisa. Lakini nikiliangalia naona pia mistari mitupu ya c na d.

Basi: fomu, nyota nne, nusu imekatwa kwa safu ya muda na nusu kwa maelezo ya kujaza ambayo ni marefu na yako nyuma ya karatasi, mahali ambapo hakuna anayegeuza. Kalamu zinazoijaza, mbili, na ya pili ni ya ukarimu. Toleo la 11, tano kwa mgongo na tatu kwa treni.

Wiki iliyopita nilipokea fomu yenye sahihi ile ndefu yenye mkia. Mzee wa miaka 71. Mstari wa a, nimonia. Wa b, kulala kitandani muda mrefu. Wa c, kiharusi. Wa d, presha. Nimeisoma mara mbili nikitabasamu peke yangu. Safu ya muda iko tupu. Nimenyanyua simu.