Walimzuia Bibi Titi mlangoni: uzoefu wangu wa kuendesha chemsha bongo ya mashujaa mtandaoni

Naanza na hasira kwa sababu bado ninayo. Nilisubiri itulie ili niandike kwa ustaarabu, lakini kila nikifungua simu nakutana na picha ya skrini niliyoihifadhi siku ile, damu inanichemka upya. Kwa hiyo nyota moja. Huenda nikabadilisha kabla sijamaliza kuandika, ila kwa sasa ni moja.

Huduma yenyewe ni ile ya kuendesha chemsha bongo mtandaoni. Unatunga maswali, unapewa namba ya kuingilia, unaitupa kwenye grupu, kila mtu anaingia kwa simu yake na kujibu huku saa inahesabu. Mambo ya bei na vifurushi mtayakuta kwenye ukurasa wao. Mimi nililipia mwezi mmoja, maana cha bure kinabana idadi ya wachezaji na ukoo wetu haubaniki. Tupo Dar, wapo Mombasa, wapo Muscat, na kaka yangu yuko Leicester na watoto wanaosikia Kiswahili vizuri lakini wanakujibu kwa Kiingereza.

Watoto walikuwa likizo, wakataka mada iwe mashujaa wa katuni. Nikakubali kwa sharti kwamba yawe maswali ya ujuzi wa jumla, si usiku mzima wa kubishana nani anampiga nani. Nilikaa na daftari siku tatu nne na nilifurahia kila dakika. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, hilo ni rahisi. Lakini je, krypton, jina la sayari yake, ni kitu kilichopo kweli au cha kubuni? Kipo. Ni gesi, iligunduliwa London mwaka 1898. Kutoka kwa Batman nikapata swali la popo: ni ndege au mnyama? Buibui ana miguu mingapi, na je, ni mdudu? Toleo la kwanza la Hulk, mwaka 1962, alikuwa rangi gani? Kijivu, jamani, si kijani! Rangi ile iliwasumbua wachapaji, haikutoka sawasawa, ndipo wakamgeuza kijani. Swali nililolificha hadi mwisho lilikuwa la Storm, yule mwanamke wa mvua na radi aliyebuniwa mwaka 1975: mama yake ni wa nchi gani?

Halafu nikaweka kanuni moja, na hiyo kanuni ndiyo iliyozaa yote haya. Kila mchezaji aingie kwa jina la shujaa wake. Awe wa katuni, awe wa damu na nyama, chagua umtakaye.

Watoto wakaingia mbio. Spider-Man wawili, Black Panther mmoja, na kijana wa Leicester akajiita Titan, kwa ajili ya lile kundi la vijana, Teen Titans. Binamu yangu wa Mombasa akaingia kama Mekatilili. Kaka akaingia kama Kinjekitile. Nilikuwa naangalia majina yakidondoka kwenye skrini moja baada ya jingine, muziki unapiga, na nakiri kwa moyo mweupe kwamba nilijisikia mwenye karamu.

Simu ikaita. Shangazi, kutoka Magomeni.

"Mwanangu, limekataa."

"Shikamoo, shangazi. Nini kimekataa?"

"Jina. Linaniletea maandishi mekundu."

Nikamwambia aandike tena pole pole. Mimi namjua anavyoandika: miwani imeshuka hadi puani, kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku anazitamka. Nikamsikia kwenye simu. B, i, b, i. Akaacha nafasi. T, i, t, i. Akabonyeza. Kimya. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya mtu aliyeshikwa ugoni na hajafanya kosa: "Linasema jina langu ni chafu. Nimeandika nini, mwanangu?"

Alikuwa ameandika Bibi Titi.

Mara ya tatu mfumo ukampa jina wenyewe, la kubahatisha, kwa Kiingereza, maana yake Panya Mwenye Furaha. Shangazi yangu, mwenye miaka sabini na ushee, akatokea mbele ya ukoo mzima kama panya. Alipojaribu kulifuta akafungiwa nje kabisa. Na kwa kuwa wajukuu zake watatu walikuwa wanachezea tableti hiyo hiyo, nao wakatupwa nje pamoja naye. Mdogo kabisa alilia.

Niseme kitu kwa wale watakaoniambia kwamba ni mashine tu. Titi kwetu si tusi, hata kama kwa Kiingereza herufi zake tatu za mwanzo ni neno la kihuni la ziwa la mwanamke. Kila aliye hai alilinyonya, hakuna anayelionea haya. Na Titi ni jina la watu. Wapo kina Titi mtaani kwetu, wapo shuleni, wapo kwenye vitambulisho vya taifa. Na Bibi Titi Mohamed si mtu wa kutafutwa kwa tochi. Ukifika katikati ya Dar es Salaam unakanyaga barabara yenye jina lake, ile inayopita kando ya Mnazi Mmoja. Alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na TANU, chama cha kudai uhuru, ilipoanzishwa mwaka 1954 ikawa inahitaji watu, ni yeye aliyekwenda kwa kina mama, kwenye vikundi vyao vya ngoma, akawaingiza kwa mamia. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa akiuza vitumbua Kariakoo, akaenda kumsikiliza siku moja, akarudi na kadi. Shangazi amekua na hadithi hiyo. Kwake, jina lile ni la mama yake pia.

Kwa hiyo nikawaandikia huduma kwa wateja, pale pale, mchezo umesimama, watu ishirini na kitu wanasubiri na bando zinateketea.

Hapa ndipo nyota zilipoanguka, maana mashine ningeisamehe. Alinijibu mtu, kwa jina lake na picha yake. Nikamweleza kwa utulivu: hili ni jina la kiongozi wa uhuru wa nchi yangu, nimeweka na picha ya kibao cha barabara. Akajibu kwamba jina hilo linakiuka viwango vya jamii yao, na kwamba nichague jina linalofaa familia. Nikamweleza tena, kwa maneno mapya, nikidhani Kiingereza changu ndicho chenye kasoro. Akaleta sentensi ile ile, nukta kwa nukta. Nikamwambia familia ndiyo hii inayosubiri, na mwenye jina ni mkubwa wetu. Akaniandikia: mtumiaji anaweza kubadilisha herufi moja, kwa mfano Bibi Tito.

Bibi Tito! Nilikisoma kile kitu mara mbili. Alikuwa ameona kibao cha barabara. Alikuwa ameshasoma ni nani. Na bado akaona kilicho rahisi ni sisi tubadilishe jina la mtu aliyekufa kuliko yeye kubonyeza kitufe kimoja. Kisha akafunga mazungumzo na kuniuliza kama nimeridhika na huduma.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alinieleza baadaye kwamba ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za intaneti kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofanana na tusi la Kiingereza. Kichujio, yaani programu ya kuzuia maneno machafu, hakisomi neno, kinasaka vipande vya herufi. Akaniambia dawa yake inajulikana: unakipa orodha ya maneno ya kuyaacha yapite. Ndipo nikakumbuka. Titan! Kijana wa Leicester aliingia kama Titan, herufi zile zile tatu za mwanzo, na mlango ukamfungukia bila swali. Maana yake orodha wanayo. Mtu alikaa akafikiri, akaandika Titan apite kwa sababu ni shujaa wa katuni, wateja wao watamtaka. Ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa akafikiri kwamba kuna mtu Magomeni atamtaka Bibi Titi.

Hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wamefunga vyote nisingeandika.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu nimeahidi uzoefu wangu na si sehemu yake tu. Mchezo ulipoendelea ulikuwa mtamu. Mtamu sana. Picha zilifunguka bila kukwama, hata kwa wale wa bando dogo. Saa ya sekunde ishirini inakufanya ujibu kabla hujafikiri, na hapo ndipo vicheko vinapotoka. Kwenye swali la popo Muscat na Mombasa walishikana mashati, huku wanasema ana mbawa, huku wanasema ananyonyesha, hadi nikalazimika kuwanyamazisha na kusema ni mnyama, mnyama pekee anayenyonyesha na kuruka kweli kweli, na kwamba waniache niendelee. Hulk wa kijivu aliwaangusha wote isipokuwa binti wa miaka tisa ambaye alikiri alibahatisha.

Na swali la Storm! Nilijua nimelifunga vizuri. Majibu manne: Misri, Ethiopia, Kenya, Marekani. Wengi walikimbilia Misri kwa sababu kwenye hadithi alikulia Cairo. Saa ilipofika sifuri ikatokea Kenya kwa kijani, nikaisikia Mombasa ikilipuka. Mama yake Storm ni Mkenya! Binamu yangu alipiga vigelegele hadi simu yake ikakatika. Watoto wake hawakuwa wanajua kwamba katika vitabu vile wanavyovihangaikia kuna mwanamke mwenye nguvu za mvua ambaye upande wa mama ni wa kwao. Kwa dakika ile ningewapa hawa watu nyota tano. Nasema kweli, kidole kilikuwa kinakwenda.

Basi ziwe tatu, niliwaza usiku ule. Kitu kinachoweza kukusanya ukoo kutoka nchi nne na kuwafanya wapige kelele kwa furaha si kitu kibaya, na kosa la mhudumu mmoja lisihukumu kazi ya watu wote.

Asubuhi nikampigia shangazi. Nikamsalimia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama alifuatilia mchezo kupitia kwa wajukuu. Akasema alizima tableti, akawalaza. "Hainidhuru, mwanangu. Mambo ya vijana hayo." Nikajua linamdhuru. Shangazi akisema hainidhuru ujue amekaa nalo usiku kucha. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi ya siku ile, binti yake aliniambia, amevaa khanga nzuri ingawa hakuna ambaye angemwona, kwa kuwa alikuwa anaingia kwa jina la Bibi Titi na hakutaka kuliingilia hovyo.

Tatu zikaondoka zote.

Jumamosi iliyofuata tulicheza bila wao. Tulipigiana simu ya video tu, mimi na daftari langu, saa ya jikoni ya kuhesabia sekunde, kila nyumba inaandika jibu kwenye karatasi na kuinyanyua mbele ya kamera. Vurugu tupu. Wa Muscat walikuwa wanachungulia majibu ya wenzao, hesabu ya pointi ilinipotea mara mbili. Lakini shangazi ndiye aliyesoma maswali, na alipofika kujitambulisha akasema jina lake la mchezo kwa ukamilifu, herufi zote. Kijana wa Leicester akauliza Bibi Titi ana nguvu gani. Shangazi akamwambia: sauti. Kijana akataka kujua ilikuwa inafanya nini, kuvunja vioo au kuangusha watu. Shangazi akaweka maswali pembeni akamweleza, robo saa nzima, na hakuna aliyekata simu.

Kwa wanaouliza kama wailipie: kama wachezaji wako wote wana majina ambayo mashine imeshayazoea, utaifurahia, sitakudanganya. Wajaribishe majina siku moja kabla, kila mtu na kifaa chake, wala usiruhusu wawili watumie kimoja, kwa sababu akifungiwa mmoja wanafungiwa wote. Na ukiwa na Titi kwenye familia yako, au jina lolote la nyumbani ambalo Mzungu anaweza kulikuta na kipande cha tusi lake, tafuta njia nyingine. Usimweke mkubwa wako mlangoni wakamsaili.

Nimeshaitoa kadi yangu ya benki kwao ili mwezi ujao wasikate. Malalamiko niliyoandika kwa barua pepe hayajajibiwa. Nilikuwa nimepanga kufunga na nyota mbili, moja ya muziki na moja ya vigelegele vya Mombasa, na nilikuwa nimeshaziweka. Lakini jana usiku, kabla ya kutuma haya, nilifungua akaunti mpya nikajaribu kwa mara ya mwisho, labda kuna mtu alisoma barua yangu. Nikaandika kama shangazi, herufi moja moja.

Maandishi mekundu yale yale. Nimerudisha nyota moja.