Mashine ya kuonea samaki: nusura niirudishe dukani

Nina miezi mitano nayo kwenye mashua yangu, Mkondo wa Pemba upande wa Wete. Kioo inchi 7, sauti za masafa mawili: kilohezi 200 kwa maji machache, 50 kwa kilindi. Laki tisa. Waya wa kile kidude cha chini kinachotoa sauti majini haukufika tezini, nikanunua wa kuungia.

Wiki ya kwanza niliitukana. Tuko kilindini, jua linazama, kioo kinaonyesha mstari mnene kwenye pima 200 na ushei (pima moja ni karibu mita mbili). Kiza kilipoingia ukaanza kupanda. Pima 150. Tisini. Kufika wakati wa Isha, arubaini. Baharia wangu akapiga kelele, "Nahodha, geuza, mwamba huo!" Nikatupa bildi, ile risasi ya kupimia kina. Kamba ikaisha yote, haikugusa kitu.

Nikapiga simu dukani. Kijana akanijibu kuwa mashine ikishalowa hairudishwi. Mashine ya baharini!

Aliyenitoa ujinga ni mpwa wangu, anayesoma mambo ya bahari. "Mjomba, mashine nzima. Hao ni viumbe." Akanieleza kuwa mwaka 1942 wanasayansi waliofanyia kazi jeshi la majini la Marekani waliona sakafu ya bahari ya uongo kama hiyo pwani ya California, na mwaka 1945 Martin Johnson wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari, akabaini kuwa ni wanyama: wanapanda usiku, wanashuka alfajiri. Visamaki vya urefu wa kidole vyenye taa tumboni, uduvi, ngisi. Sauti ya mashine inagonga vifuko vya hewa vya hao samaki, inarudi kama imegonga mwamba.

Juu wanakuja kula, mchana wanajificha kizani wasiliwe. Na chakula chenyewe kimejengwa kwa kaboni ambayo vimea vidogo vya juu vimeinyonya kutoka hewani. Wakishuka, wanapumua na kunya huko huko chini, wengine wanafia huko, na kaboni inakaa kilindini miaka na miaka, nyingine mamia. Basi kila alfajiri nawawaza kama wachukuzi wa bandarini, mzigo wameubeba tumboni.

Siku hizi nauvizia ule mstari ukipanda, natega ndoana pima tano juu yake. Jodari wanaujua kabla yangu.

Nyota nne. Ya tano imekwenda na betri: haifiki alfajiri, na mimi nataka kuwaona wakishuka.